Mwenda Pole Hajikwai

Swali: Andika insha ya kisa kutokana na tajriba yako mwenyewe kitakachodhihirisha ukweli wa methali: *Mwenda pole hajikwai.*

Insha ya kielelezo

Nilizaliwa Lamu, mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili waliobeba mizigo wakikutana, mmoja hana budi kujibanza ukutani ili mwenzake apite. Katika mji wa namna hiyo gari halina nafasi. Mchanga, saruji, mawe ya kujengea na hata taka hubebwa na punda. Mnamo mwaka 2001 mji wetu mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wageni huja kutoka mbali kuitazama milango yake ya nakshi. Sisi wenyeji tunajua kwamba mawe ya kuta hizo yalifika pale mgongoni mwa punda. Tangu mwaka 1987 punda wa Lamu wana hata zahanati yao, ambako hutibiwa bila malipo.

Baba alikuwa mchukuzi. Alikuwa na punda wawili, jike mmoja mzee na dume mmoja aliyeitwa Tufani. Yule jike alibeba mchanga katika shogi. Tufani alikuwa wangu. Nilimpanda tangu nikiwa darasa la tatu, bila tandiko, nimekaa nyuma kabisa karibu na mkia kama tukaavyo watu wa Lamu. Nikimgusa kwa visigino aliondoka. Nikimbonyeza kwa goti la kushoto aligeuka kulia. Nikiegemea nyuma kidogo alipunguza mwendo. Mwaka mmoja, wakati wa sherehe za Maulidi, tuliingia katika mashindano ya mbio za punda kando ya bahari. Hatukushinda, lakini hatukuwa wa mwisho, na mimi nilirudi nyumbani nikiamini kwamba hakuna jambo ambalo Tufani hangelifanya nikimtaka alifanye. Imani hiyo ndiyo iliyotuponza baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 2017 Baba aliteleza gatini akiwa na mfuko wa saruji begani. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Alikaa kitandani miezi miwili, na alipoinuka aliinuka na mkongojo. Kazi ya uchukuzi ikawa imekwisha. Yule punda jike aliuzwa ili kulipia matibabu. Mwezi wa Januari tulivuka kwa mashua hadi Mokowe, Tufani akiwa amesimama katikati ya mashua amefungwa miguu ya mbele, mimi nikimshika masikio na kumsemesha njia nzima. Tulihamia kijiji kimoja karibu na Hindi, upande wa bara, ambako bibi mzaa mama alikuwa na shamba dogo la mihindi na mikorosho. Mimi nikaingia kidato cha pili katika shule ya kutwa ya huko.

Maisha ya bara yalikuwa na hesabu nyingine. Kisima kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kijijini, na watu walinunua maji kwa shilingi 20 kila mtungi wa lita 20. Mimi na Tufani tukaanza kuuza maji. Lakini mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20, na punda mmoja hawezi kubebeshwa mitungi mingi mgongoni. Niliwaona wengine wakipakia minne, punda akitetemeka magoti. Baba alikataa kabisa. Alisema miwili, mmoja kila upande, basi. Kwa hiyo safari nzima ya saa moja kwenda na kurudi ilituletea shilingi 40. Jirani mwenye mkokoteni alipita nasi njiani akiwa na mitungi minane nyuma ya punda mmoja, naye punda hakuonekana kuchoka kuliko wetu. Magurudumu ndiyo yaliyoubeba mzigo. Punda aliuvuta tu.

Mwezi wa Julai Mama alikopa shilingi 15,000 kutoka chama chake cha akina mama. Baba akaongeza akiba aliyokuwa nayo, na tukanunua mkokoteni uliotumika. Ulikuwa na ubao mpana, magurudumu mawili ya gari dogo, na miti miwili mirefu ya kumwingiza punda katikati. Makubaliano yalikuwa tulipe shilingi 3,000 kila mwezi kwa miezi mitano, kuanzia mwisho wa Agosti. Mkokoteni ulipofika uani, mdogo wangu wa miaka tisa aliuruka kama mtu aliyepata jahazi.

Baba aliniambia nisimfunge Tufani mpaka yeye mwenyewe apate mtu wa kutuelekeza. Nilimjibu, "Sawa, Baba." Moyoni nilisema: ya nini? Tufani ananibeba miaka saba sasa. Anayejua kubebwa na kubeba, hawezi kuvuta? Shule zilikuwa zimefungwa, mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kila siku niliyokaa bila kuutumia mkokoteni niliihesabu kama shilingi zilizoanguka mfukoni.

Jumamosi moja Baba alipokwenda zahanati kutazamwa mguu, nilimwita mdogo wangu. Tulimrudisha Tufani kinyumenyume katikati ya ile miti miwili. Hatukuwa na matandiko ya kuvutia, hivyo nilichukua kamba ya manila, nikaipitisha shingoni mwake na kuifunga kwenye miti. Mdogo wangu alipanda juu ya ubao pamoja na mitungi sita mitupu. Mimi nilisimama mbele na kumvuta Tufani kwa kamba ya kichwani.

Hakusogea. Alikuwa amegeuza masikio yote mawili nyuma, akisikiliza. Nilimvuta tena. Hakusogea. Nilikasirika kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Nikakata ufito, nikampiga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alipiga hatua moja mbele, na mkokoteni ukapiga hatua moja nyuma yake. Mitungi ikagongana. Tufani akaruka. Mkokoteni ukaruka naye. Kadiri alivyoukimbia ndivyo ulivyomfuata, ukipiga kelele zaidi, na kamba ikizidi kumkaba koo. Kamba ya kichwani ilichomoka mikononi mwangu na kuniacha na malengelenge.

Walipita kwenye mihogo, wakapita kando ya jiko la nje, na gurudumu la kushoto likagonga kisiki cha mkorosho. Mkokoteni ulipinduka. Nilisikia sauti ya mdogo wangu kabla sijamwona. Alikuwa chini, ameshika mkono wake wa kulia, na kiganja kilikuwa kimeelekea upande ambao kiganja hakielekei. Tufani alikuwa ameanguka kwa magoti, kamba imemwingia shingoni, anahema kwa sauti ya msumeno. Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni. Akainuka, akaenda hadi mwisho wa shamba, akasimama akinipa mgongo.

Mdogo wangu alipelekwa hospitali, akafungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Fedha zilizotengwa kwa malipo ya kwanza ya chama ziliishia kwenye nauli, picha ya eksirei na dawa. Usiku ule nilimngoja Baba anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka, akaunyoosha mguu wake mbovu, akasema, "Mimi niliteleza kwa sababu nilitaka kubeba mifuko miwili kwa safari moja. Sikutaka kukuambia, kwa kuwa niliona haya. Laiti ningekuambia."

Baada ya hapo sikuweza kula.

Siku mbili baadaye alikuja mnunuzi wa punda. Wakati huo vichinjio vya punda vilikuwa vimeruhusiwa nchini, kabla ya serikali kutangaza kuvipiga marufuku mwaka 2020. Sote tulijua punda waliokuwa wakinunuliwa vijijini walikoishia. Ngozi zao zilisafirishwa hadi China, ambako huchemshwa kutengenezea dawa. Mnunuzi alimtazama Tufani, akaitazama shingo yake iliyochubuka, akataja bei. Ilitosha kulipa zaidi ya nusu ya deni. "Punda wa kupanda akishakuwa mkubwa havuti," alisema. "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka." Mama alimtazama Baba. Baba alisema, "Tupe mwezi mmoja." Kisha akachukua mkongojo wake na kwenda kumtafuta Mzee.

Mzee alikuwa amehamia kijijini kwetu kutoka Mpeketoni, na alikuwa ameendesha mikokoteni ya punda tangu ujana wake. Alikuja jioni, akamzunguka Tufani kwa mbali bila kumgusa, kisha akaniuliza, "Kijana, huyu punda anajua lugha gani?"

Sikumwelewa.

"Ukimpanda, unamwambiaje aende?"

"Kwa visigino."

"Ageuke?"

"Kwa magoti."

"Ukiwa juu ya mkokoteni, miguu yako iko wapi?"

Nilinyamaza. Miguu ingekuwa nyuma yake, ikining'inia ubaoni, mbali na mbavu zake.

"Basi," alisema Mzee. "Umemnyang'anya lugha yake yote kwa siku moja, ukamwekea nyuma kitu kinachomkimbiza, kisha ukampiga kwa kutoelewa. Mimi sijapata kuona punda mkaidi. Nimeona punda waoga na punda wasioelewa. Farasi akiogopa hukimbia mara moja. Punda akiogopa husimama kwanza, atazame, afikiri. Ukimpiga wakati anafikiri, unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa."

Nilimwomba anifundishe. Alikubali kwa sharti moja: yeye ndiye atakayesema lini tunapiga hatua inayofuata, na mimi sitauliza.

Juma la kwanza hatukuugusa mkokoteni. Asubuhi na jioni nilimwosha Tufani kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kilipokauka, nilimpanda kama zamani, lakini sasa kwa utaratibu mpya. Kabla ya kumgusa kwa visigino nilitamka, "Twende." Kabla ya kuegemea nyuma nilitamka, "Simama." Neno kwanza, ishara ya mwili baadaye, kila mara kwa mpangilio huohuo. Siku ya nne nilisema "Simama," na kabla sijaegemea, akasimama. Mzee aliyekuwa amekaa kivulini alitikisa kichwa, akasema, "Umeona? Ulikuwa unaweza kumfundisha. Ulikuwa hujamwambia tu."

Kisha nikashuka mgongoni. Tulimfunga mkanda mpana mgongoni uliokuwa na pete mbili za chuma ubavuni, tukapitisha humo kamba mbili ndefu kutoka kichwani. Nikatembea nyuma yake, hatua tatu hivi, hatamu moja kila mkono. Mara ya kwanza aligeuka kunitazama, kana kwamba anauliza kwa nini nimeanguka. Tulitembea hivyo shamba zima, kulia, kushoto, simama, twende. Baada ya siku kadhaa aliacha kugeuka.

Juma la pili tulishona matandiko. Mzee alinionyesha kwa nini kamba ya shingoni ni kosa kubwa: humkaba punda koo, na kadiri anavyovuta ndivyo pumzi inavyopungua. Nira ya ng'ombe nayo haimfai, kwa sababu punda hana nundu ya kuizuia, na nguvu zake ziko kifuani. Tulikata mkanda wa turubai, tukaufunika kwa blanketi kuukuu ili usimchubue, ukakaa mbele ya kifua, chini ya koo na juu ya maungio ya mabega. Tukatengeneza mkanda mwingine wa kupita nyuma ya mapaja yake. Niliuliza wa nini. Mzee alisema, "Mkokoteni hauna breki. Mkanda wa kifua ni wa kuvutia, mkanda wa nyuma ni wa kuzuia. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni utamgonga miguu." Nilikumbuka mikwaruzo iliyokuwa juu ya kwato zake za nyuma.

Tulipomvisha, tulimwacha ale nyasi akiwa amevaa, bila kumfanyia lolote. Kisha ikaja kazi ya kelele. Mdogo wangu, mkono ukiwa shingoni kwa kitambaa, alitembea mbele ya Tufani akiburuta kopo tupu kwa mkono mzima. Tufani alilifuata akilinusa. Kesho yake alilipitisha ubavuni. Keshokutwa akalipitisha nyuma. Kitu kinachomfuata punda humtisha, lakini kitu anachokifuata yeye humpa ujasiri. Baada ya kopo tulimfungia tairi kuukuu, Mzee akishikilia mwisho wa kamba kwa namna ambayo angeweza kuiachilia mara moja. Tufani alipiga hatua, akausikia uzito kifuani, akasimama. Mkono wangu ulitafuta ufito ambao sikuwa nao. Nikangoja. Akapiga hatua nyingine. Siku ile alivuta tairi urefu wa uwanja wa mpira, na Mzee akasema tumwache apumzike.

"Lakini bado anaweza," nilisema.

"Ndiyo maana tunaacha sasa," alijibu. "Amalize siku akiwa ameshinda."

Mwisho wa Agosti ulifika. Mama alikwenda kwenye mkutano wa chama mikono mitupu. Alirudi na macho mekundu, akasema wamempa muda hadi Oktoba, lakini mmoja wao alimwambia mbele ya wote kwamba asiyekuwa na uwezo asijipange foleni ya wenye uwezo. Kesho yake asubuhi yule mnunuzi alisimamisha pikipiki yake mbele ya ua wetu, akauliza kama mwezi umekwisha. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kumfunza Tufani kabla ya darasa, na jioni tena baada ya darasa. Nilimwendea Mzee, nikamwambia, "Mzee, naomba leo tumfunge mkokoteni. Hali ya nyumbani ni ngumu."

Alinitazama kwa muda. "Ukiharibu mara ya pili, hakutakuwa na mara ya tatu," alisema. "Punda hasahau. Chagua wewe."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kungoja wakati huna haja ni rahisi. Kungoja wakati mama yako ametukanwa ni jambo jingine. Nilirudi nyumbani, nikamfunga Tufani tairi, tukafanya zoezi lilelile la jana.

Katika juma la nne tuliuleta mkokoteni, lakini watu ndio waliouvuta. Mzee na mimi tuliuburuta mbele, Tufani akaufuata. Kisha ukaenda ubavuni mwake. Kisha nyuma. Masikio yake yalicheza, ila miguu haikukimbia. Baadaye tulimfungia miti miwili mitupu ubavuni, ajizoeze kugeuka. Punda anayepandwa huupinda mwili wote anapogeuka. Aliye katikati ya miti hawezi kujipinda, na sharti ajifunze kupiga hatua za kando, mguu kuvuka mguu. Mti ulipomgusa ubavuni mara ya kwanza alidhani ni goti langu, akageuka upande usiotakiwa. Tulirudia hadi akatofautisha.

Siku ya kumfunga mkokoteni wenyewe ilipofika, hatukuwaita watu. Mimi nilisimama kichwani pake, Mzee akashika hatamu nyuma. Alinifundisha kanuni ambayo sijaivunja tangu siku ile: unapofunga, hatamu kwanza, mkokoteni mwisho, unapofungua, mkokoteni kwanza, hatamu mwisho. Punda asikae hata dakika moja akiwa amefungwa mzigo bila mtu kumwongoza. Mzee alisema kwa sauti ya kawaida, "Twende." Tufani alielekeza masikio nyuma, akasikiliza, akaondoka. Magurudumu yakaanza kulia nyuma yake. Alitembea.

Nililia kidogo, nami nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Kulikuwa na jaribio moja lililobaki. Siku ya tatu barabarani, pikipiki ilitupita kwa kasi ikipiga honi. Tufani alisimama kama mti. Nyuma yetu kulikuwa na watu wawili wenye mikokoteni wakinipigia kelele nisogee. Mmoja alisema, "Mpige huyo!" Nilishuka, nikasimama mbele ya Tufani, nikamwekea mkono shingoni juu ya kovu, nikangoja. Sijui ni muda gani. Ulitosha kwa wale wawili kupita wakinicheka. Kisha Tufani alishusha kichwa, akapumua pumzi ndefu, na kabla sijatamka neno akaanza kutembea mwenyewe.

Mzigo pia tuliupandisha taratibu. Mitungi miwili, kisha minne, kisha minane. Nilijifunza kuipanga juu ya ekseli. Ukirundika mbele, miti humlemea punda mgongoni. Ukirundika nyuma, miti huinuka na mkanda kumbana tumboni. Mzigo uliopangwa vizuri humwacha punda na kazi moja tu, kuvuta. Mzee alikuwa akiinua ncha ya mti kwa kidole kimoja kupima. Ikiinuka kwa kidole, basi tuko sawa.

Mwezi wa Oktoba Mama alilipa shilingi 3,000 za kwanza. Tulimaliza deni mwezi wa Februari badala ya Desemba. Miezi miwili tuliyochelewa ndiyo gharama ya asubuhi moja ya Jumamosi, na si gharama yote. Plasta ya mdogo wangu ilipofunguliwa, mkono ulikuwa mwembamba kama ufito, na hadi leo kiganja chake hakikunjiki kikamilifu. Huandika kwa mkono wa kushoto sasa. Hajawahi kunilaumu, na hilo hunichoma zaidi. Tufani naye ana alama ya manyoya meupe shingoni, pale kamba ilipomkata. Manyoya yakiota juu ya kovu la punda, mara nyingi huota meupe. Kila alfajiri ninapomvisha matandiko huiona alama hiyo, nami huangalia mara mbili kama mkanda umekaa sawa.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi siwezi kuisema methali hiyo tena. Tufani hakunipiga teke hata siku ile nilipostahili.

Sasa niko kidato cha nne. Mwaka jana, matokeo yangu ya hisabati yalipokuwa mabaya, nilitaka kuruka sura za mwanzo na kukariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Nilifungua kitabu usiku, nikakumbuka kopo tupu likiburutwa mbele, ubavuni, kisha nyuma. Nikarudi kwenye sura ya kwanza. Sijawa hodari, lakini sasa nikikwama najua ni hatua gani niliyoiruka. Ama kweli, mwenda pole hajikwai. Na anayekimbia akijikwaa, mara nyingi huangusha na wasiokuwa na kosa.

Zingatia, mtahiniwa

1. Mwandishi hakueleza maana ya methali mwanzoni. Ameiacha idhihirike katika kisa, kisha akaitaja mwishoni. Kisa ndicho kinachothibitisha.
2. Pande zote mbili za methali zimeonyeshwa: aliyekwenda kwa haraka na kilichompata, kisha aliyekwenda pole na alichokipata. Insha yenye upande mmoja tu huwa pungufu.
3. Methali nyingine zimetumika chache, na kila moja ina kazi. Usirundike methali ili kujaza ukurasa.
4. Maelezo ya kazi ni mahususi: mkanda wa kifua, mzigo juu ya ekseli, neno kabla ya ishara. Andika kuhusu jambo unalolijua, hata kama unaliona dogo.
5. Zoezi: Fikiria siku moja ambayo haraka yako ilimgharimu mtu mwingine. Andika aya tatu: ulichotaka, kilichotokea, na alama iliyobaki.